Sanduku la Maswali: Uwanja Uliojaa Watu Ndani ya Bamba la Shaba

Tulipochapisha ukurasa wa picha za viwanja vya miji ya Ulaya za enzi ya Baroki (hasa miaka ya 1600), zile zilizochimbwa kwa tindikali kwenye bamba la shaba nyekundu na kuchapwa karatasini, hatukudhani barua nyingi zaidi zingetoka Mbeya, Iringa na Njombe. Tumejibu hizi saba. Nyingine zinauliza mambo hayo hayo.

Picha ya babu: ya kweli au ya kalenda?

*Kamwene! Babu yetu marehemu, aliyekuwa seremala wa misheni, alituachia picha yenye fremu ya mbao. Ni nyeusi tupu, haina rangi. Inaonyesha uwanja mrefu wa mji, chemchemi yenye mnara wa jiwe katikati, kanisa la minara miwili, magari ya farasi, wachuuzi na mbwa. Chini yapo maneno Piazza Navona na maandishi mengine madogo. Mmoja anasema ni ya miaka ya 1600, mwingine anasema imekatwa kwenye kalenda. Tutajuaje? – Msomaji, Kihesa, Iringa*

Kamwene, ndugu. Kwanza itoeni kwenye fremu, maana nyuma ya kioo hakuna kipimo kitakachofanyika. Halafu nendeni kwa fundi saa mkaazime kile kioo anachobana jichoni. Kinachokuza mara 10 kinatosha.

Anzeni na sehemu ya kivuli, tuseme chini ya magari ya farasi. Mkiona vidoti vilivyojipanga kwa safu kama mbegu kwenye ua la alizeti, shauri limekwisha: ni picha iliyopigwa kamera na kuchapwa kiwandani. Mkiona mistari mitupu, na katikati yake karatasi safi, endeleeni.

Sasa zimeni taa, washeni tochi ya simu na kuilaza pembeni ya karatasi ili mwanga upite juu juu. Tafuteni mbonyeo wa mstatili unaoizunguka picha yote. Hiyo ndiyo alama ya bamba, kwa sababu karatasi ilikuwa na unyevu na bamba lilikandamizwa juu yake kwa nguvu nyingi. Lakini msiiamini sana. Wengi walikata kingo ili picha iingie kwenye albamu, na wachapaji wa baadaye walijua kubonyeza bamba tupu juu ya picha ya kawaida ili kuipamba. Chenye uzito zaidi ni wino. Katika uchapaji huu wino hukaa ndani ya mtaro wa bamba, na karatasi laini husukumwa mtaroni ikaubeba. Kwa hiyo mistari minene ya watu wa mbele itakuwa imeinuka, mnaweza hata kuona kivuli chake chembamba chini ya tochi, wakati mistari ya majengo ya mbali iko karibu sawa na karatasi. Picha ya kalenda haina kimo mahali popote.

Angalieni pia mwisho wa mistari. Mstari ulioliwa na tindikali huishia butu, mviringo kidogo, kama wa kalamu. Uliochongwa kwa patasi ya mkono huanza mwembamba, hunenepa, kisha huishia kwa ncha kama mkia wa panya. Mkikuta aina zote mbili kwenye picha moja msishtuke, mafundi wa wakati ule walichanganya.

Karatasi nayo inasema. Ishikeni dirishani. Karatasi ya karne ya 17 ilichotwa kwa chekecheo la nyaya, hivyo huonyesha mistari iliyosongamana, karibu milimita moja moja, na mingine inayoikata kila baada ya sentimita 2 hadi 3. Karatasi isiyo na mistari hiyo ilianza Uingereza katika miaka ya 1750, na ile ya massa ya miti, inayogeuka kahawia na kukatika kama mkate mkavu, ni ya karne ya 19 kuja huku.

Hapa ndipo watu wawili wanaobishana nyumbani kwenu wanaweza wote kupata nusu ya haki. Bamba la shaba halifi na mchoraji. Giovanni Battista Falda, aliyezaliwa 1643 na kufa 1678, alichora viwanja vingi vya Roma kwa ajili ya mchapaji Giovanni Giacomo de Rossi. Mabamba ya nyumba hiyo ya uchapaji yalinunuliwa na Papa Klementi XII mwaka 1738 na kuwekwa katika karakana ya serikali ya Papa. Bamba la miaka ya 1660 linaweza basi kutoa nakala miaka mia baadaye, zenye mistari iliyochoka, hasa ile myembamba ya mbali ambayo ndiyo inayofutika kwanza. Mkiona watu wa mbele ni weusi vizuri lakini mawingu na mapaa ya nyuma yamekatikakatika, hiyo ni nakala ya bamba lililochapwa sana.

Someni maandishi madogo. Jina likifuatiwa na *del.* ni la aliyechora mchoro, *fec.*, *inc.* au *sculp.* ni la aliyelifanyia kazi bamba, *exc.* au *formis* ni la mchapaji aliyelimiliki. Kuhusu tarehe, chemchemi yenye mnara ya Piazza Navona, Roma, kazi ya mchongaji na msanifu majengo Bernini, ilikamilika 1651 na kanisa la Sant'Agnese lilianza kujengwa 1652, kwa hiyo mchoro wenu haukutangulia hapo. Ila msiyapime majengo kama yaliyopigwa picha. Falda alichapisha mwaka 1667 uwanja wa Mtakatifu Petro ukiwa na mkono wa tatu wa nguzo ambao Bernini aliupanga na haukujengwa kamwe. Wachapaji waliuza na mji uliotarajiwa pia.

Aliyefunikwa kichwa

*Nimekuza picha ya chemchemi ya Piazza Navona kwenye simu. Kuna jitu la jiwe limejifunika nguo usoni. Linaona aibu? – Msomaji, Makete*

Hapana. Ni mto Naili. Chemchemi ina majitu manne ya mito minne: Danube wa Ulaya, Ganges wa Asia, Rio de la Plata wa Marekani ya Kusini, na Naili wa Afrika. Naili amefunikwa kichwa kwa sababu Wazungu wa wakati ule hawakujua chanzo chake. Wazee wa pembezoni mwa Ziwa Nyanza (Viktoria) hawakuulizwa. Katika chapa nyingi jitu hilo lina urefu wa milimita chache tu na nguo yake ni mistari mitano au sita, ndiyo maana hadi ukuze.

Watu elfu moja bila kuwa doa jeusi

*Nafundisha sanaa sekondari. Wanafunzi wangu wakichora soko la Mwanjelwa, watu kumi wa kwanza wanapendeza, kuanzia wa ishirini ukurasa unakuwa tope. Hawa wachoraji wa kale waliwezaje kujaza uwanja mzima? – Mwalimu, Mbeya mjini*

Mwalimu, mtu wa kumsoma ni Jacques Callot, aliyezaliwa Nancy 1592 na kufa 1635. Akiwa Florence kwa watawala wa Medici alichora mwaka 1620 gulio la Impruneta, mji mdogo kusini mwa Florence, kwenye bamba la takriban sentimita 43 kwa 67. Ndani yake mna watu zaidi ya elfu moja, pamoja na farasi, punda, mbwa na mahema. Aliporudi Nancy alilichora upya kwenye bamba lingine. Makumbusho ya Metropolitan ya New York na Rijksmuseum ya Amsterdam wameweka chapa za Callot mtandaoni bure, kwa ukubwa unaokuwezesha kuhesabu masikio ya punda. Zipakue, muwakuzie wanafunzi ukutani.

Siri yake ya kwanza ni dakika. Umbali katika picha hizi haukuchorwa kwa kubonyeza sindano zaidi au kidogo, maana sindano kazi yake ni kukwangua tu nta iliyopakwa juu ya bamba kulikinga na tindikali. Umbali ulipimwa kwa muda wa bamba ndani ya tindikali. Mchoraji alichora kila kitu, akalitia bamba kwa muda mfupi, akalitoa, akaziba kwa vanishi milima na mapaa ya mbali yasiendelee kuliwa. Akalirudisha. Akaziba watu wa kati. Akalirudisha tena. Waliobaki mwisho ni wa mbele, mitaro yao imekuwa mirefu na mipana, inabeba wino mwingi. Ndiyo sababu watu wa nyuma hawagombani na wa mbele hata wakigusana: weusi wao si wa daraja moja. Wanafunzi wako wanatumia penseli moja kwa uzito mmoja kuanzia mlima Loleza hadi kwenye tenga la nyanya, tope lazima litokee.

Siri ya pili ni vanishi. Nta ya kawaida ya wakati ule ilikuwa laini na ilibanduka, kwa hiyo kuziba na kurudisha mara nyingi kulikuwa bahati nasibu. Callot alitumia vanishi ngumu ya mafuta iliyotumiwa na mafundi wa zeze, na hiyo ilistahimili. Ya tatu ni sindano aliyoikata mshazari. Ukiizungusha vidoleni mstari unanenepa na kukonda, mgongo wa mtu ukatoka kwa mkwaruzo mmoja. Abraham Bosse aliyaandika haya yote katika kitabu cha mafunzo kilichotoka Paris 1645.

Kwa darasani, kabla ya tindikali, gawa ukurasa wa A3 sehemu tatu. Mtu wa mbele awe na urefu wa sentimita 5, wa kati milimita 15, wa mwisho milimita 3. Toa penseli tatu: 4B mbele, HB kati, 3H nyuma, na usiruhusu kuazimana. Wa nyuma ana haki ya mikwaruzo mitatu tu, nukta ya kichwa, mstari wa mwili, mwingine wa mzigo. Akipewa macho, ameharibu.

Pili, mchoraji apande ghorofani. Ukisimama chini sokoni, vichwa vyote vya watu wazima hujipanga kwenye mstari mmoja wa macho na umati unakuwa ukuta. Ukiwa ghorofa ya pili, mstari wa macho unapanda juu ya vichwa, na miguu ya kila mtu inaonekana imekanyaga mahali pake. Ardhi inafunguka. Callot na Falda mara nyingi walichora kama waliosimama juu kuliko palivyokuwa na pa kusimama.

Tatu, acha njia. Katika uwanja uliojaa, tazama pale palipo wazi: watu wamefungwa mafungu ya watano au saba, na kati yao imeachwa karatasi tupu. Kwenye Mwanjelwa yenu, fungu moja linamzunguka mganga wa kienyeji anayetangaza dawa, jingine lina ugomvi, jingine limezunguka pikipiki iliyoanguka. Weka pembe moja ya mbele kitu cheusi kikubwa, lundo la ndizi za Tukuyu au mgongo wa bajaji, na macho yatarukia mbali yenyewe.

Vifaa vya kupatikana hapa hapa

*Sisi ni kikundi cha vijana. Tungependa kujaribu kazi hii lakini vifaa vya wazungu ni ghali. Tunaweza kuanza na nini? Maji ya betri yatafaa? – Uyole, Mbeya*

Maji ya betri hapana. Hiyo ni tindikali ya salfa iliyozimuliwa, na kwa shaba nyekundu haifanyi kitu. Mtakaa siku nzima mnatazama bamba lenye nywele za mistari isiyo na kina. Ya naitriki inakula shaba vizuri lakini hutoa moshi wa kahawia wenye sumu, na chumba cha kupanga si mahali pake.

Anzeni na bati la alumini. Viwanda vidogo vya uchapaji mjini hutupa au huuza kwa bei ya chuma chakavu mabamba ya alumini yaliyokwisha kutumika. Mengi ni membamba, karibu milimita 0.3 au chini yake, kwa hiyo kingo zake hazihitaji kupigwa tupa kama za shaba. Zungusheni msasa tu zisikate karatasi. Tindikali yake ni mrututu, huu huu wa wakulima wa kahawa wa Mbozi, unaouzwa duka la pembejeo. Gramu 75 za mrututu na gramu 75 za chumvi ya mezani kwa lita moja ya maji, kwenye beseni la plastiki, kamwe si sufuria, kwani sufuria ndiyo itakayoliwa kwanza. Rangi itageuka kutoka buluu kwenda kijani. Alumini huanza kuchemka povu mara moja na maji hupata joto, fungueni madirisha na msivute sigara, kwa sababu povu lile ni haidrojeni. Shaba itajitenga kama matope mekundu juu ya mistari. Ifagieni kwa unyoya wa kuku kila dakika moja, la sivyo tindikali haifiki chini. Mistari ya mbali dakika 2 hadi 3, ya mbele 10 hadi 15, lakini jaribuni kwenye kipande kwanza.

Ubaya wa alumini tuuseme wazi: mstari wake una kingo za msumeno na bamba hutoa nakala chache kabla ya kuchoka. Ni la kujifunzia.

Mkiwa tayari kwa shaba nyekundu, tafuteni bamba la milimita 1. Msidanganywe na zile bodi za mafundi redio zilizopakwa shaba. Shaba yake ina unene wa takriban milimita 0.035, mtaro ukifika kwenye fiba umekwisha, kwa hiyo watu wa mbele na wa nyuma watabaki kina kimoja, na tumeshaeleza kwa Mwalimu hapo juu kwamba kina ndicho kila kitu.

Pigeni kingo tupa kwa mshazari wa nyuzi 45, bila hivyo zitachana karatasi na blanketi. Msasa namba 400, 800, kisha 1200 na maji. Sugueni kwa chaki ya unga na tone la sabuni hadi maji yatandae juu ya bamba bila kugawanyika. Yakijikusanya kama matone kwenye jani la magimbi, bado kuna mafuta, na pale penye mafuta nta itabanduka.

Nta hutengenezwa kwa sehemu 2 za nta ya nyuki, sehemu 2 za lami ya unga na sehemu 1 ya utomvu wa mipaina uliokauka, ule wa njano kama kioo ambao mafundi redio wanautumia kulehemu. Yeyusheni nta kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji, nje ya nyumba, nyunyizeni utomvu na lami vilivyosagwa kidogo kidogo huku mkikoroga. Lami ya barabarani haifai kwa kipimo hiki. Ni laini, itabaki nata na sindano itaiburuta. Mimineni kwenye maji ya uvuguvugu, mviringe vidonge. Bamba lipashwe moto kiasi cha kuyeyusha kidonge kinapogusishwa, mkisambaze kiwe chembamba cha rangi ya asali. Kisha geuzeni bamba, lipitisheni juu ya mishumaa mitatu iliyofungwa pamoja hadi nta iwe nyeusi, moto usikae mahali pamoja.

Sindano ya cherehani iliyochomekwa kwenye kijiti inatosha. Kwa ile ya mshazari ya Callot, kateni spoki ya baiskeli, mnoe ncha yake kwa nyuzi kama 45 mpate uso wa yai. Kumbukeni picha itatoka imegeuka, kulia kuwa kushoto. Msipogeuza mchoro mapema, saa ya mnara itarudi nyuma na vibao vya maduka vitasomeka kwa kioo.

Tindikali ya shaba ni feri kloraidi, inayouzwa maduka ya vifaa vya elektroniki. Mabonge ya njano kilo 1 yatiwe kwenye nusu lita ya maji, kidogo kidogo, kwani hupata joto. Msimwage maji juu ya mabonge. Pembeni yeyusheni gramu 100 za unga wa ndimu kwa mililita 300 za maji. Changanyeni sehemu 4 za ile ya kwanza kwa sehemu 1 ya hii. Unga wa ndimu huzuia tope lisijikusanye mitaroni. Glavu na miwani vivaliwe. Haina moshi kama naitriki lakini jicho haliisamehe, na doa lake kwenye shati ni la kudumu. Mgongo wa bamba ubandikwe selotepu pana.

Kwa joto la nyuzi 22 hadi 25, anzeni na dakika 10 kwa vya mbali. Zibeni kwa vanishi ya mbao. Dakika 15 zaidi, zibeni watu wa kati. Dakika 25 zaidi, zibeni wa karibu. Dakika 40 za mwisho ni za wale wa mbele kabisa.

Kuchapa kunataka rola mbili. Kijiko na mkono havitoshi, kwa kuwa karatasi lazima isukumwe hadi chini ya mtaro. Fundi wa kuchomelea anaweza kuunda mashine kwa bomba nene la chuma lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi na kitanda cha bamba la chuma la milimita 10. Rola zikipinda hata kidogo, katikati ya picha itapauka, kwa hiyo zipitishwe kwanza kwa fundi wa mashine ya kukerezea. Blanketi ni la sufi halisi, tabaka mbili au tatu. Karatasi nene ya pamba iloekwe nusu saa, ikaushwe kwa taulo hadi isiwe inang'aa. Wino mzito wa mafuta upakwe wote, ufutwe kwa shashi iliyokunjwa kwa kuzungusha, mwisho kwa kiganja kilichopakwa chaki.

Tindikali iliyochoka isimwagwe sinki wala mtaroni, shaba yake huua vitu vya majini. Tieni magadi kidogo kidogo hadi povu liishe, iacheni ituame, kisha tope likaushwe na kufungwa kwenye chombo mbali na shamba na maji.

Saa nzima na mistari bado imepauka

*Tulifuata vipimo vya feri kloraidi kwa bamba la shaba mwezi wa saba. Saa nzima, mistari hafifu. Tukaongeza saa mbili, sehemu ya mbele ikawa shimo moja lisiloshika wino. Na anga imejaa vidoti. – Njombe mjini*

Matatizo matatu, na baridi ya Njombe inahusika na mawili. Kila joto likishuka nyuzi 10, kazi ya tindikali hupungua kama nusu. Kwenye nyuzi 10 dakika zetu 10 zinakuwa zaidi ya 20. Wekeni beseni la tindikali ndani ya karai la maji ya moto kiasi, mpime kwa kipimajoto hadi ifike 22, badilisheni maji yakipoa. Msiliweke beseni juu ya moto.

Shimo la mbele halikutokana na muda peke yake. Tindikali haili kwenda chini tu, inakula na pembeni. Mistari mliyoisongamanisha nusu milimita ilikuwa na ukuta mwembamba kati yake, ukuta ukaanguka, likabaki bonde pana lisilo na mahali pa kushika wino. Shashi inaufuta wote, ndipo mnapata kijivu katikati na ukingo mweusi. Watu wa mbele wachorwe kwa mistari michache iliyoachana milimita moja, tindikali itainenepesha yenyewe. Bonde lililokwisha kutokea mnaweza kulikwaruza kwa ncha kali huku na huku lipate ukali wa kushika wino.

Vidoti vya angani ni nta iliyotoboka: vumbi, mafuta ya kidole, au nta iliyokuwa ngumu kwa baridi ikapasuka mlipokuwa mnachora, hasa pale mistari inapokatana. Pasheni bamba uvuguvugu kabla ya kuchora, mweke kitambaa chini ya kiganja, na kabla ya kutia tindikali tazameni uso wote kwenye mwanga wa pembeni. Kila kinachong'aa bila kuitwa kizibwe.

Madoa ya kahawia, na ushauri wa steshenari

*Picha yetu ya zamani ina madoa ya kahawia na nyuma imeota ukungu. Kijana wa steshenari amesema ailaminishe itulie. – Tukuyu*

Mama, au baba, tafadhali usimpe. Plastiki ya moto ikishikana na karatasi haitoki tena, na joto pamoja na mgandamizo hulaza ule mwinuko wa wino tuliowaeleza wa Kihesa. Hata pasi isipite. Dawa ya kung'arisha nguo nayo isikaribie; doa litaondoka leo na karatasi itakuwa unga baada ya miaka.

Tukuyu mvua haina likizo ndefu. Siku kavu, ilaze picha chumbani penye hewa, mbali na jua, hadi ukungu uwe mkavu kama unga. Vaa barakoa, upanguse kwa brashi laini ya rangi ukielekeza nje ya karatasi, ukifanyia kazi hiyo dirishani. Ukungu mbichi ukifutwa unaingia ndani. Madoa ya kahawia yaache yalivyo.

Kwenye fremu, ondoa hadibodi au ubao wa mpaina uliogusana nayo, ndiyo mara nyingi huchora vivuli vya kahawia mgongoni. Weka kadibodi ya pamba nyuma, na nyingine yenye dirisha mbele ili kioo kikae angalau milimita 3 mbali na karatasi. Usitumie selotepu. Pika wanga wa ngano, sehemu 1 kwa sehemu 5 za maji, upoe, ubandike vipande viwili vidogo vya karatasi nyembamba yenye nyuzi ndefu kwenye ukingo wa juu tu. Karatasi ikivimba mvua zikija, iwe na pa kutanuka. Tundika ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua, na gundisha vipande vya kizibo cha chupa pembe za chini ili hewa ipite nyuma.

Jina lililoandikwa kinyume

*Nimeona inauzwa picha ya uwanja wa Roma yenye rangi kali za buluu na nyekundu, na jina lake juu limeandikwa kinyume. Imekosewa? Nayo ni ya Baroki? – Mafinga*

Haikukosewa. Hiyo ni picha ya kisanduku, aina iliyotamba karne ya 18, baada ya enzi tunayoizungumzia. Ilitazamwa kupitia lenzi na kioo, kioo kikaigeuza, ndipo jina likasomeka na uwanja ukaonekana una kina. Rangi zilipakwa kwa mkono na kwa haraka, ndiyo sababu nyekundu mara nyingi inavuka mpaka wa koti. Chapa za viwanja za kina Falda ziliuzwa zaidi zikiwa nyeusi, kwa hiyo ukikuta moja imepakwa rangi, uliza rangi iliingia lini kabla ya kuuliza bei. Hii yako isome kwenye kioo cha kunyolea.